Macho Hayapimi Maji

Hotuba niliyoitoa mbele ya wazazi, wauza vyakula na wanafunzi, katika ukumbi wa skuli kisiwani Pemba, wiki chache kabla ya masika

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, Mwalimu Mkuu pamoja na walimu wote, wazee wangu, mama zangu mnaouza vyakula, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: ahsanteni kwa kuja. Nimezaliwa kisiwa hiki, nimesomeshwa kwa karafuu za kisiwa hiki, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupima maji na kuotesha vijidudu maabara. Nimeombwa nieleze ni nini tunachokitafuta. Nitaanza na kisima kimoja, maana kisima hicho kimenifundisha kuliko vitabu nilivyosomea.

Kipo kijiji cha uwandani, upande wa Micheweni, kule ambako jembe likigusa ardhi linalia kwa mawe. Mwenyewe ni bi mkubwa mmoja ambaye jina lake sitalitaja. Amekijengea ukingo wa saruji, kina kifuniko cha mbao, na kamba ya kutekea haiwekwi chini hata mara moja, inatundikwa kwenye msumari. Ndoo inayoingia kisimani ni moja tu. Ukija na ndoo yako, unamiminiwa. Adhuhuri, jua likiwa utosini, ukichungulia unayaona mawe ya chini moja moja. Maji yake matamu. Watu walikuwa wakiyafuata kutoka vitongoji vya mbali, na hata mfereji wa bomba ulipofika waliendelea kuja, kwa sababu maji ya mfereji, walisema, yananuka dawa.

Lakini watoto wa pale walikuwa hawatoki kwenye kuharisha. Mvua ikinyesha siku tatu, kituo cha afya kinajaa. Tukaenda.

Tulichukua maji kwa chupa iliyopikwa kwa mvuke, tukaitia kwenye sanduku la barafu mpaka maabara. Pale tunachuja mililita 100, nusu gilasi hivi, kwenye karatasi ambayo matundu yake ni madogo kuliko bakteria. Maji yanapita, bakteria wanabaki juu. Karatasi tunailaza kwenye kisahani chenye chakula chao, kisha tunakifungia ndani ya kabati la joto la nyuzi 44 usiku kucha. Kwa nini 44? Kwa sababu bakteria wengi wa udongoni na wa majanini hawalivumilii joto hilo. Anayelivumilia ni Escherichia coli, aliyepewa jina la daktari Theodor Escherich, ambaye alimweleza mwaka 1885, na makaazi yake ni matumbo ya watu na ya wanyama wenye damu moto. Wengi wa kabila hilo hawamdhuru mtu. Kwetu sisi ni shahidi. Ukimkuta majini, basi kinyesi kimefika majini, na pale kilipopita kinyesi, kipindupindu na homa ya matumbo vinaweza kupita. Kiwango kinachokubalika kwa maji ya kunywa ni sifuri katika mililita 100.

Asubuhi nilipofungua kabati, kisahani kilikuwa kimejaa nukta za njano, zimegusana kama dengu zilizomwagwa. Kila nukta ni ukoo mzima uliotokana na bakteria mmoja. Nilihesabu mpaka 100 nikaacha.

Ningeweza kupeleka barua kwa sheha na kumaliza. Lakini barua isingeyashinda maji yale maangavu. Nikakifunga kisahani kwa gundi pande zote, nikampelekea mwenyewe bi mkubwa. Alikishika kwa mikono miwili, akakigeuza kwenye mwanga, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, haya ndiyo ninayowanywesha wajukuu zangu?" Nikamwambia, ndiyo, bibi. Hakunibishia. Aliniuliza yanatoka wapi.

Hatua kama thelathini kutoka pale kulikuwa na nyumba mpya ya jirani, nyumba nzuri, na choo cha ndani. Mwenye nyumba alitupokea vizuri, akatuonyesha karo lake, yaani shimo la maji machafu ya chooni, kwa furaha. Alisema, "Tangu lichimbwe halijajaa hata siku moja. Fundi alipofika chini alikutana na ufa wa jiwe, maji yanakwenda zake." Wengi mliokaa hapa mmewahi kulisifu karo la namna hiyo, na mafundi wanatafuta ufa huo makusudi ili mteja afurahi. Siku ile nilimuuliza: yanakwenda zake wapi?

Baada ya sala ya isha tuliyeyusha rangi ya kijani isiyo na madhara, ile wanayotumia wanajiolojia kufuatilia maji ya chini kwa chini, tukaimimina chooni kwake na ndoo tatu za maji. Alfajiri, kabla jua halijatoka, tulikwenda kisimani yeye, bi mkubwa, sheha na mimi. Ndoo ya mwanzo tuliimimina kwenye beseni jeupe. Maji yalikuwa na rangi ya kijani kama ndimu changa. Jirani yule alikaa chini pale pale kwenye mawe. Alisema neno moja tu: "Kumbe."

Nalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Ardhi yetu ya uwanda ni matumbawe ya zamani yaliyogeuka jiwe la chokaa. Maji ya mvua yanaliyeyusha kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, yanaacha vitundu, nyufa na mapango. Mchanga una hisani: maji yakipita ndani yake polepole, vijidudu vinanaswa na vinakufa njiani. Ufa wa matumbawe hauna subira hiyo. Kinachoingia jioni kinatokea asubuhi, na kinatokea kikiwa cheupe, kitamu, baridi. Karo lisilojaa ni karo linalovuja, ndugu zangu, na mahala linapovujia ni pale pale tunapoteka.

Kuyaamini macho si ujinga, na si sisi wa mwanzo. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho, London, wakafa watu zaidi ya 600 katika muda wa wiki chache. Daktari John Snow alikuwa akishuku bomba la kisima cha Broad Street, lakini maji yake yalikuwa yakisifiwa. Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyehama mtaa ule akaenda kukaa Hampstead, mbali kabisa, ambako kipindupindu hakikuwepo. Aliyapenda mno maji ya bomba lile hata akawa anapelekewa chupa yake kwa gari la farasi. Alikufa tarehe 2 Septemba, na mtoto wa nduguye aliyekwenda kumtembelea na kuyanywa maji yale naye akafa. Ladha nzuri ndiyo iliyoyabeba maradhi mpaka mlangoni kwake. Mpini wa bomba uliondolewa tarehe 8 Septemba. Baadaye padri wa mtaa, Henry Whitehead, akizunguka nyumba kwa nyumba, aligundua mama aliyekuwa akifua nepi za mtoto mgonjwa na kumwaga maji kwenye shimo la nyumba yake. Shimo lilikuwa futi kama 3 tu kutoka kisimani, na matofali yake yameoza. Mkiisoma habari hiyo mkaja kwetu uwandani, mtadhani ni nyumba ile ile.

Mwaka huo huo mtaalamu wa Italia, Filippo Pacini, kule Florence, alikiona kijidudu chenyewe kwa darubini. Hakusikilizwa. Ilibidi dunia ingoje mpaka daktari wa Ujerumani, Robert Koch, alipokiotesha na kukitangaza mwaka 1884. Miaka 30 kati ya kuona na kuaminiwa! Katika miaka hiyo, 1869 na 1870, kipindupindu kilikuja kwetu kwa misafara ya bara na majahazi. Daktari James Christie alikuwa akiishi Zanzibar wakati ule, na mwaka 1876 alichapisha maelezo ya jinsi kilivyosafiri kwenye njia za biashara. Sultani Barghash, aliyekalia kiti mwaka 1870, ndiye aliyekuja kuyavuta maji ya Chemchem mpaka mjini Unguja. Nasema haya ili vijana mjue kwamba suala la maji safi visiwani si la jana.

Katika zama zetu, kipindupindu kiliripotiwa mwaka 1978 katika kijiji kimoja cha wavuvi hapa Zanzibar: watu 411 waliugua, 51 wakafa. Kimerudi mara nyingi tangu hapo. Mwaka 2016 skuli zote za Zanzibar zilifungwa kwa ajili yake. Nyinyi wanafunzi wa madarasa ya juu mlikuwa wadogo, lakini wazazi wenu wanakumbuka.

Sasa kijidudu hiki kinafanya nini tumboni? Watu wengi wanadhani kinauozesha utumbo. La. Mtafiti wa Calcutta, Sambhu Nath De, akifanya kazi na vifaa vichache mno na matumbo ya sungura, alionyesha mwaka 1959 kwamba bakteria wa kipindupindu anatoa sumu, na sumu hiyo peke yake inatosha kuujaza utumbo maji. Utumbo wenyewe unabaki mzima. Kilichotokea ni kama mtu ameingia ndani ya nyumba yako usiku akafungua mifereji yote akaondoka. Chumvi ya mwili inamwagika ndani ya utumbo, maji yanaifuata, na mgonjwa mzito anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Ndiyo maana mtu mzima mwenye nguvu zake huanza asubuhi na kufika jioni macho yameingia ndani na sauti imekatika.

Lakini iko tundu moja ambayo sumu ile haiwezi kuiziba. Sukari inapoingia kwenye ukuta wa utumbo inaikamata chumvi mkono, wanaingia pamoja, na maji yanawafuata. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi Bangaon, India, wagonjwa wamelala sakafuni, chupa za dripu zimekwisha. Akachanganya chumvi na sukari kwenye maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka kutoka 30 katika kila wagonjwa 100 mpaka chini ya 4. Hakuwa na dawa mpya. Alikuwa na chumvi, sukari, maji safi na mama wa mgonjwa.

Kwa hiyo nakuombeni mkae majumbani na pakiti za ORS, yaani mchanganyiko huo wa chumvi na sukari uliotayarishwa. Zikikosekana: lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Msizidishe chumvi. Nyinyi mnaotoka Kojani, Fundo na Makoongwe, msingoje kufika hospitali. Muanze kumnywesha ufukweni, mumnyweshe ndani ya chombo, kidogo kidogo, hata akitapika mngoje dakika kumi mwendelee. Mtoto mchanga anyonye kama kawaida, na kituoni aongezewe vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14.

Narudi kwenye maji, na safari hii baharini.

Yuko mwanasayansi wa Marekani, Bi Rita Colwell. Tangu miaka ya 1960 alikuwa akisema kwamba bakteria wa kipindupindu si mgeni anayeletwa na watu tu, bali ana makaazi yake kwenye maji ya mito inayokutana na bahari, na wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Alimkuta kwenye ghuba ya Chesapeake, mahala ambapo hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Anajishika kwenye viumbe vidogo mno vya jamii ya kamba vinavyoelea majini, na maji yakiwa baridi au chakula kikipungua analala. Yu hai, lakini ukimwotesha kwenye kisahani haoti. Maji yakipata joto anaamka. Sisi wa visiwani, wenye vijito na mikoko kila upande, habari hii inatuhusu moja kwa moja. Watafiti waliozipitia takwimu za Zanzibar walichapisha mwaka 2011 kwamba joto likipanda kwa nyuzi 1, wagonjwa wa kipindupindu huongezeka maradufu baada ya miezi 4, na mvua ikizidi kwa milimita 200, huongezeka kwa mara 1.6 baada ya miezi 2. Maana yake tunapewa taarifa mapema. Jasho hili tunalojifutia leo ukumbini linatwambia jambo juu ya mwezi wa sita.

Bi Colwell alifanya jingine ambalo mama zangu mtalipenda. Kwa kuwa bakteria wale wamejishika kwenye viumbe vikubwa kuliko wao, alifikiri kitambaa kinaweza kuwanasa. Alikwenda vijiji 65 vya Bangladesh, akawafundisha kina mama kukunja sari kuukuu la pamba na kuchujia maji. Matokeo yalitoka mwaka 2003: wagonjwa wa kipindupindu walipungua kwa asilimia 48. Na sari kuukuu lilishinda jipya, kwa sababu nyuzi zikifuliwa mara nyingi zinavimba na vitundu vinazidi kuwa vidogo. Bibi zetu walichujia maji kwa kanga kuukuu, na wengine tulipokwenda kusoma tulirudi tukawaona washamba. Nawaomba radhi mbele yenu. Lakini kanga haimnasi bakteria anayeelea peke yake, kwa hiyo chuja kwanza, kisha chemsha mpaka maji yatokote hasa, au tia dawa ya klorini na ungoje nusu saa. Kuchuja kunaisaidia klorini, maana maji yenye taka huila dawa kabla haijawafikia bakteria. Na ile harufu ya mfereji ambayo watu wa kisima chetu waliikimbia, harufu ndogo ile ni mlinzi. Klorini iliyobaki ndani ya maji inaendelea kulinda mtungi wako mpaka jioni, kama hukuuchovya mkono.

Mama lishe na wauza urojo, sasa nasema na nyinyi.

Bakteria mwenye joto na chakula anaweza kujigawa kila dakika 20. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanne. Wanafunzi mnaweza kuipiga hesabu hii: kwa saa 7 anajigawa mara 21, na yule mmoja amekuwa zaidi ya milioni 2. Saa 7 ni tangu isha mpaka kabla ya alfajiri. Ni umri wa sufuria la wali lililofunikwa jikoni usiku wa arusi.

Wali una bakteria wake, Bacillus cereus. Yumo ndani ya mchele tangu shambani, akiwa amejifunika ganda gumu kama mbegu. Moto wa kuchemsha haumuui. Wali ukianza kupoa anatoka gandani, anazaana, na anatoa sumu. Asubuhi ukikikaanga kiporo utamuua yeye, lakini sumu yake ya kutapisha haifi kwa moto wa jikoni. Mtu anakula saa moja asubuhi, saa nne anatapika, na lawama inakwenda kwenye jicho la hasidi. Sikukatazeni kiporo, na mimi nimekulia kiporo kwa chai. Nasema hivi: wali uliobaki usiachwe ndani ya sufuria nene umefunikwa, kwa sababu katikati unabaki vuguvugu usiku kucha. Utandaze kwenye sinia pana upoe upesi, utie kwenye friji. Kama huna friji, ugawe kwa majirani ukiwa wa moto. Desturi yetu ya kupelekeana sahani ni kinga bora kuliko nitakayokupeni mimi.

Uchachu unasaidia. Guinea-Bissau watafiti waliona kwamba waliotia maji ya ndimu kwenye mchuzi wa wali walipata kipindupindu kwa uchache, kwa kuwa bakteria yule hawezi kuishi kwenye ukali. Kwa hiyo ndimu na ukwaju wa urojo si ladha tu. Lakini sasa sikilizeni nilichokiona mwenyewe, saa mbili usiku, kwenye meza ya mama mmoja anayepika vizuri kuliko wengi. Urojo wake unachemka, hauna neno. Chini ya meza kuna ndoo moja ya kuoshea mabakuli. Saa kumi na moja maji yalikuwa meupe. Saa mbili yamekuwa rangi ya chai, juu yanaelea mafuta ya bajia. Bakuli linaingia, linatoka, linafutwa kwa kitambaa kilichokuwa begani, linatiwa urojo wa mtu anayefuata. Bakteria wa kipindupindu kwa kawaida wanahitajika kwa mamilioni ili wapite tindikali ya tumbo wamuangushe mtu. Lakini Shigela, wale wa kuharisha damu, wanatosha kumi mpaka mia. Kumi wanakaa kwenye tone moja la ndoo ile. Mama zangu, muwe na ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia, mbadilishe maji kila yanapopoteza weupe, na bakuli likaukie kwenye waya bila kufutwa. Najua maji ni ya kubeba. Najua kila ndoo ina gharama. Masheha mliopo hapa, meza za vyakula zikipata mfereji mmoja wa pamoja, hilo litafanya kazi kubwa kuliko kuwafungia biashara wakati maradhi yameshaingia.

Kuhusu samaki nitapita haraka. Jodari, nguru na vibua wakiachwa juani, bakteria huigeuza nyama yao ikatoa sumu iitwayo histamini, na mlaji huwashwa, uso ukawa mwekundu, moyo ukapiga. Kumpika hakuiondoi. Samaki atiwe barafu tangu chomboni. Na kwa kuwa tuko Pemba, lazima niseme la kasa, ingawa si bakteria: Machi 2024, kisiwani Panza, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa kwa kula nyama ya kasa. Sumu ile haipikiki. Tumuache kasa baharini.

Iko tabia nyingine inayoniumiza. Mtu ana homa, anapimwa kwa tone la damu, anaambiwa ana taifodi, yaani homa ya matumbo, anapewa antibiotiki. Mwezi ujao tena, na tena, mpaka anajiita mwenye taifodi sugu. Kipimo kile cha Widal kinatafuta alama za mapambano ya zamani, na kinaweza kusema ndiyo kwa mtu ambaye hana homa ya matumbo kabisa. Njia ya uhakika ni kuotesha damu. Mwaka 2009 na 2010, hapa hapa Pemba, wagonjwa wa homa zaidi ya 2,000 katika hospitali tatu walitolewa damu ikaoteshwa. Bakteria walipatikana kwa wachache tu kati yao, na katika hao waliopatikana, aliyeongoza alikuwa ni wa homa ya matumbo. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja: maradhi haya tunayo, na wengi wanaotibiwa kwa ajili yake hawana. Kila antibiotiki inayomezwa bure inawafundisha bakteria kuizoea, na siku mtoto atakapoihitaji kweli, haitamsaidia.

Chanjo ipo. Mwaka 2009 wakaazi wa maeneo sita ya Unguja na Pemba, takriban watu 48,000, walipewa nafasi ya kunywa chanjo ya kipindupindu, na nusu yao walimaliza dozi mbili. Walipofuatiliwa, kinga ilikuwa asilimia 79, na hata ambao hawakuchanjwa walipata nafuu pale majirani zao wengi walipochanjwa. Ikija tena, jitokezeni. Lakini chanjo inachoka baada ya miaka, na mpango wa Zanzibar wa kutokomeza kipindupindu, wa 2018 mpaka 2027, haukusimama juu ya chanjo peke yake. Umesimama juu ya maji na vyoo.

Jambo la mwisho nalisema kwa uzito. Kipindupindu kikiingia nyumbani watu wanaficha. Wanaona aibu, wanahofia majirani watasema nyumba ile chafu. Mgonjwa anafungiwa chumbani, nguo zake zinafuliwa usiku kisimani. Wazee wangu, nimekutajieni kisima kisafi kuliko vyote nilivyoviona, na kisahani chake. Maradhi haya hayapimi heshima ya nyumba. Na wengi wanaobeba bakteria huyu hawaumwi kabisa. Anapita ndani ya mtu mzima wa afya akatoka chooni kwa siku kadhaa, mwenyewe hajui. Msiba ukitokea, maiti aoshwe, ni haki yake, lakini aoshwe na wachache, kwa dawa atakayoileta bwana afya, na aliyeosha asipakue chakula cha khitma siku hiyo. Na nguo za mgonjwa zisifike kisimani.

Bi mkubwa wetu alikifunga kisima chake kwa miezi kadhaa. Jirani alilifukia karo, akajenga jingine lenye sakafu na kuta za saruji, linajaa, na analipia gari la kunyonya likijaa. Analalamikia gharama, na ana haki ya kulalamika. Halmashauri zetu zinapaswa kulifanya jambo hilo liwe rahisi kwa mtu wa kawaida. Kisahani cha pili nilichompelekea bi mkubwa kilikuwa na nukta 4. Tukatia klorini, tukapima tena, hakikuwa na kitu. Alikikataa. Alisema nimletee na cha wiki inayofuata, ndipo ataamini.

Basi, mlangoni pale kuna makasha mawili ya chupa. Chukueni moja kwa kila kisima mnachokitumia. Zimeshapikwa, kwa hiyo msizisuuze, msiguse mdomo wa chupa, na mjaze mpaka kwenye alama, msipitishe. Andikeni jina la kitongoji na saa mliyoteka. Jina la mwenye kisima msiliandike. Gari letu litakuwa hapa uwanjani kesho na sanduku la barafu mpaka saa tatu asubuhi, na halitangoja zaidi, kwa sababu maji yakikaa muda mrefu bakteria wanabadilika na majibu yanasema uongo. Anayekaa mbali ateke alfajiri. Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, nitarudi ukumbi huu na visahani vyote, nitavipanga juu ya meza hii, na kila mmoja atakuja kukitazama cha kwake.